Kusi Ikianza, Nani Abaki na Kazi?

Pasaka ikishapita na kusi, ule upepo wa kusini, kuanza kuvuma, orodha ya wafanyakazi katika hoteli nyingi za Malindi hukatwa. Hubaki mlinzi wa lango, fundi wa jenereta na bwawa, mtunza bustani, pengine na mtu wa hesabu. Wengine huambiwa, "Tutakupigia wageni wakirudi." Watamu ni hivyo hivyo, na huko Shela, Lamu, zipo nyumba za wageni zinazofunga milango Mei na Juni. Masika inanyesha, bahari imechafuka, mwani umetanda ufuoni. Nani atatoka Roma kuja kutazama mwani?

Wenye hoteli wana hoja nzito. Mshahara wa hoteli hutoka kwenye vitanda vilivyolaliwa, na kitanda kisicholaliwa leo hakiwekwi akiba kiuzwe mara mbili kesho. Meneja akiwalipa watu wote miezi mitatu mitupu, Julai huenda asiwe na pesa ya kununua hata shuka. Isitoshe, pwani yetu imezoea kupigwa ghafla: vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 na kafyu iliyofuata Lamu, kisha Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa mpaka Agosti. Aliyeponea hayo akiogopa kujifunga kwa mikataba mirefu, simlaumu.

Ila hapo mambo mawili huchanganywa. Mpeketoni haikuwa kwenye kalenda ya mtu yeyote. Kusi imo. Mabaharia wa Lamu walipanga safari za majahazi kwa kusi na kaskazi karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa. Meneja anayeshtuka kila Aprili kana kwamba amefikwa na balaa jipya hakupanga, alingoja tu.

Na kungoja kuna bei yake, ingawa haionekani kwenye karatasi ya mishahara. Malindi ina maweita waliojifunza Kiitaliano kwa masikio, mezani, mwaka baada ya mwaka, na wapishi wanaojua tambi iive kiasi gani mgeni asirudishe sahani. Mtu kama huyo akikaa nyumbani miezi mitatu bila neno, atasikia kuna nafasi Mombasa au Dubai, na akiondoka harudi. Mgeni kazini anaajiriwa mwisho wa Julai na kufundishwa Agosti, wakati Waitaliano wenyewe wamejaa likizoni na hakuna mwenye nafasi ya kumwelekeza. Hasara hiyo hulipwa kwa sahani zilizorudishwa na wageni wasiokuja tena.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo haiko kimya. Kibarua, kwa sheria hiyo, ni mtu anayelipwa siku iishapo na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Siku zake za kazi mfululizo zikitimia mwezi, kifungu cha 37 kinamgeuza kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, mwajiri atake asitake. Weita aliyehudumu tangu Julai hadi Pasaka si kibarua, hata daftari limwiteje. Kumpunguza kwa sababu kazi imepungua kunadai notisi ya mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. "Tutakupigia" haimo.

Je, basi wote waajiriwe wa kudumu? Hapo nasita, na si kwa ajili ya mwajiri peke yake. Wapo wafanyakazi wenye mashamba Ganda au Magarini ambao masika ndiyo kipindi chao cha kupanda mahindi. Kuwaweka hotelini kwa nusu mshahara wakifagia majani si fadhila. Wala sivutiwi na ule ushauri wa kuwapa maweita brashi za rangi na kazi ya kuezeka makuti. Makuti yana mafundi wake, na weita aliyepandishwa darini atavuja mwaka ujao pamoja na paa lake.

Kinachomuumiza mtu zaidi ni kutojua. Asiyeambiwa tarehe hawezi kukubali kazi nyingine ya miezi miwili, wala hawezi kumwambia mwenye duka lini atalipa deni. Mkataba wa msimu ulioandikwa, wenye siku ya kuanza, siku ya kumaliza na ahadi ya kuitwa kwanza, unapunguza mzigo huo. Na kwa wale wa kudumu, ile likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka iangukie kusi, si Desemba. Hilo halihitaji mtaji.

Mkataba huo una shimo lake, na waajiri wajanja wanalijua: kila Julai miaka ya kazi huanza kuhesabiwa upya, mpishi wa tangu zamani akaonekana kwenye karatasi kama mtu wa miezi tisa. Hapo ndipo KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, kinapopaswa kung'ang'ania, iandikwe kwamba misimu inaunganishwa. Mwajiri atasema ni gharama. Ni kweli, lakini ni gharama inayohesabika, na inaweza kuwekwa kando kidogo kidogo vyumba vikiwa vimejaa.