Ndita, sindano na friji ya dada wa ofa

Jumamosi ya kikoba wiki mbili zilizopita, Tabata, marejesho yalichukua dakika ishirini tu, masaa mawili yaliyobaki yote yakaishia kwenye paji la uso la mwenzetu mmoja. Ana miaka 51, kila mtu anajua maana besdei ya 50 tulichanga wote, sasa kaja paji limenyooka kama shuka lililopigwa pasi, ukimpa umbea wa kushtua unaona kabisa nyusi zinataka kupanda afu zinagoma. Alipoaga tu, hata bajaji haijakata kona, kikao kikaamua hiyo ni sindano ya Botox ya kuondoa mikunjo, afu kikagawanyika. Wapo waliosema kamkosoa Mungu, wapo waliosema uso wake hela zake nyie mnawashwa nini. Mi nilikaa kimya nakunywa chai yangu, maana kwenye simu nilikuwa na meseji ya ofa ya hiyo hiyo sindano, nimeihifadhi wiki ya tatu.

Nina 47, nakaa mapokezi. Katikati ya nyusi nina ndita mbili zimesimama kama namba kumi na moja, na kila siku hakosi mteja wa kuniuliza dada mbona umenuna, na sijanuna jamani, ndo uso wenyewe. Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyeko pembeni.

Tuanze na kitu chenyewe kwanza, maana pale kikobani kila sindano ya usoni ilikuwa inaitwa Botox, hadi ile dripu ya kung'arisha ngozi. Botox ni sumu, kweli kabisa, inatengenezwa na bakteria anaitwa Clostridium botulinum, huyo huyo anayeweza kumpoozesha mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika. Ila inachomwa kidogo sana, inazuia ujumbe wa mshipa wa fahamu usifike kwenye msuli, msuli unalegea, ngozi ya juu yake inaacha kujikunja. Inaanza kuonekana baada ya siku kadhaa, wiki mbili imekolea, miezi mitatu minne imeisha umerudi ulipokuwa. Na haikuanza kwenye urembo. Marekani waliipitisha 1989 kwa ajili ya kengeza na kope zinazojifumbafumba zenyewe, afu kule Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers akaona wagonjwa wake wa macho wanapotewa na ndita, mume wake Alastair ni daktari wa ngozi, wakalifanyia kazi, 1992 wakachapisha, na ruhusa ya ndita Marekani ikatoka 2002. Filla ni habari nyingine kabisa, hiyo ni jeli, mara nyingi ya asidi ya hayaluroniki, inajaza palipobonyea, shavuni au mdomoni, inakaa miezi sita hadi mwaka na zaidi, na ikikosewa kuna dawa ya kuiyeyusha. Moja inalaza msuli, nyingine inajaza shimo. Anayekuuzia akishindwa kukueleza hiyo tofauti, beba pochi yako uondoke.

Sasa wale wa "Mungu hakukosea". Nawaheshimu, na najua mashehe na wachungaji wana maneno yao juu ya kubadilisha maumbile, sitaki kuingia huko maana si fani yangu. Ila jamani tuwe wakweli kidogo. Sisi watu wa pwani bibi zetu wamempiga mtu singo wiki nzima kabla ya harusi, liwa usoni, dalia, hina hadi kwenye goti, na ujana wa biharusi ulikuwa unatengenezwa kwa mikono. Leo wanaume wanaotucheka ndo hao hao kila Ijumaa kwa kinyozi, skrabu, stimu, na ndevu zinapakwa piko hadi zinang'aa kama viatu vya polisi (na hiyo piko ina kemikali inayowavimbisha watu uso, ila hakuna anayewaambia wamemkosoa Mungu). Kwa hiyo hoja ya kwamba kupambana na uzee ni uzungu mi siipokei. Tumeshaingia zamani, tunabishania mstari uchorwe wapi.

Na upande wa sindano una hoja zake nzito. Kwanza inafanya kazi, hilo halina ubishi, siyo kama zile sabuni za Kariakoo zinazoahidi miaka kumi kupungua. Imetumika muda mrefu, madaktari wanaitumia hadi kwa kipandauso sugu na kwa watu wanaotoka jasho la kwapa lisilokatika. Pili inaisha, yaani usipoipenda unasubiri, tofauti na kisu. Tatu, na hii ndo inayonigusa, uso wa mwanamke kazini ni sehemu ya kazi, hata kama hakuna bosi atakayeandika hivyo kwenye mkataba. Mwanaume akiwa na mvi anaitwa mzee wa busara, mwanamke wa mapokezi akiwa na ndita anaulizwa kama anaumwa, afu mwaka unaofuata anapelekwa stoo. Mtu akiamua kununua miezi minne ya kutoulizwa umenuna, siwezi kumcheka.

Lakini kuna mahali hii biashara inatuuzia suluhisho la ngozi ya mtu mwingine. Matangazo mengi yanaanza na mikunjo midogomidogo pembeni ya macho, ndo wanachoogopa wenzetu weupe, na ni haki yao maana jua linawakunja mapema. Ngozi nyeusi ina melanini (ile rangi ya ngozi) ya kutosha, inajikinga na jua vizuri zaidi, makunyanzi yanachelewa kwetu hata miaka kumi. Kinachotuzeesha sisi ni madoa, rangi kutokuwa sawa, vile vinyama vyeusi vidogo shavuni, na shavu kupungua likashuka hadi mdomo unaonekana umewekewa mabano. Watu waliojikondesha haraka na hizi sindano za kupunguza mwili nadhani wananielewa, nguo zinakaa vizuri ila uso umezeeka ghafla. Sasa Botox haifuti doa hata moja. Haiinui shavu. Ndita kama zangu inaweza, kwa sababu ndita ni kazi ya msuli na msuli hauna rangi, lakini mtu mwenye madoa anayechomwa paji kaenda kuziba pancha kwenye tairi zima.

Na hayo madoa mengi tumeyanunua wenyewe. Mkorogo. Haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi ni marufuku nchini lakini tunajua zinavyopatikana, na zile krimu zenye steroidi zinachuna ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, mwanamke wa 40 anakuwa na uso wa 60 na vifundo vya vidole vyeusi. Afu mtu huyo huyo ndo anauziwa leza na dawa za kumenya ngozi ili arudishe ujana, na ngozi nyeusi ikiunguzwa inajibu kwa kuweka weusi zaidi. Nimemwona jirani yangu. Alilipa kuondoa doa, akatoka na ramani.

Haya, tuje kwenye kitu ambacho pale kikobani hakuna aliyekigusa, na kwangu ndo kesi nzima ilipo: bomba la sindano kashika nani na ndani kuna nini.

Ile ofa kwenye simu yangu ilisema njooni watano, mnapata punguzo. Mwanzoni nikaona ni biashara ya kawaida kama kununua vitenge vya sare. Baadae nikapiga hesabu. Kichupa kinachotumika sana ni cha uniti 100, ndita za katikati ya nyusi dozi yake ya kawaida ni uniti 20, kwa hiyo watano ndo kichupa kimoja. Inakuja ni unga mkavu, inachanganywa na maji ya chumvi, na maelekezo ya kwenye pakiti yanataka itumike ndani ya masaa 24. Kwa hiyo hao watano wanatakiwa waje siku moja ili kisiharibike, hiyo nzuri, ina mantiki. Ila hesabu hiyo hiyo ukiigeuza inatisha, kwa sababu ukizidisha maji kidogo kichupa cha watano kinakuwa cha wanane, na hakuna mteja anayeweza kuona kwa macho, ni maji meupe tu, utakuja kugundua baada ya wiki tano imeisha ukadhani mwili wako ndo mbishi. Au wakija watatu tu, kilichobaki kinaenda wapi?

Afu kuna baridi. Kichupa kinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Mi naishi Dar, wewe unaishi Dar, umeme ukikatika saa nne asubuhi ukarudi jioni hata samaki wangu wananiambia. Hiyo dawa imetoka nje ya nchi, imepita kwa nani, imekaa wapi, jenereta ipo au haipo? Mteja haulizi maswali hayo kwa sababu anaona aibu, anataka achomwe haraka atoke kabla hajaonwa.

Na usidhani ni uswahili wetu tu. Marekani kwenyewe, Aprili 2024, waliripotiwa watu 22 kwenye majimbo 11 walioumwa baada ya kuchomwa Botox feki au iliyochomwa vibaya, nusu yao wakalazwa, na walichomwa majumbani na kwenye spa au na watu wasio na leseni au mafunzo. Mwaka huo huo ikatoka ripoti ya spa moja huko New Mexico, ilifungwa 2018, walikuwa wanakutoa damu wanakurudishia usoni kwa visindano vidogovidogo, na wateja wasiopungua watatu wakapata virusi vya ukimwi kutokana na vifaa. Huko ambako kila kitu kina fomu. Filla nayo ina balaa lake, ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya inaweza kuua kipande cha ngozi au kupofusha jicho, ni nadra sana, ila ikitokea zinahesabika dakika, na aliyekuchoma anatakiwa awe na ile dawa ya kuyeyusha palepale mezani. Dada wa saluni anayebandika kope na kuchoma sindano anayo? Ukianza kuona mbili mbili, kope imelala, kumeza shida, pumzi shida, hospitali moja kwa moja, usisubiri meseji ijibiwe.

Njia ya kujikinga siyo siri. Daktari lazima awe amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika, dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA (mamlaka ya dawa), vipodozi tangu 2019 viko TBS (shirika la viwango). Daktari wa ngozi wa kweli hakasiriki ukimwomba kichupa ukisome, jina, namba ya bechi, tarehe. Na atakuuliza kama una mimba au unanyonyesha, maana hapo hachomi.

Hela nayo tusiiruke, sisi ni watu wa kikoba bwana. Tuseme tu kwa mfano mara moja ni laki tano. Kwa mwaka unahitaji tatu ili uso usirudi, milioni na nusu. Miaka kumi, milioni 15, na siku ukiacha unarudi kwenye ndita zako zile zile kama hujawahi kuchomwa. Kiwanja hakirudi kuwa pori baada ya miezi minne. Ila hapa pia nijikosoe, maana mawigi niliyonunua miaka kumi iliyopita sijayapigia hesabu, na wala sina mpango.

Mi nimesimamia wapi? Kutaka nataka, na sioni dhambi kwenye kutaka. Ningechoma ndita tu, hizo mbili, kwa daktari wa ngozi, nimeona kichupa, na baada ya kumaliza ada ya mtoto wa mwisho. Filla hapana, jicho langu nalipenda kuliko shavu. Na mwenzangu mwenye madoa namwambia aache mkorogo, apake sanskrini (krimu ya kuzuia jua) ya SPF 30 kila asubuhi hata kama ni mweusi tii, aende kliniki ya ngozi, atatumia hela kidogo kuliko paji langu. Kuhusu shosti wa miaka 51, nilimpigia nikamuuliza alichoma wapi. Hospitali, kwa daktari, karatasi anayo, hadi picha ya kichupa. Yeye ndo alikuwa mwenye akili kwenye ule ubishi na hakuwepo.

Jana nikaamua kumwandikia yule dada wa ofa. Nikauliza dawa inaitwaje, anachoma daktari gani, na inahifadhiwa wapi. Akajibu, "Dear ofa inaisha Jumapili, nikuwekee nafasi?" Nikauliza tena, friji ikoje. Akanitumia picha ya friji, mlango wazi, ndani soda mbili, mtindi umefunuliwa, na kijiboksi cheupe pembeni ya limao. Nimeituma kwenye grupu la kikoba. Mpaka sasa hivi ya Mungu hakukosea hakuna aliyeyarudia, wanabishana ule mtindi ni wa mteja au wa daktari.