Plagini Ikiangusha Kivinjari, Usizime Masasisho

Kuna ushauri unaozunguka kwenye saiba za Kisumu, kuanzia Kondele hadi kule mjini Oginga Odinga Street, nami naupinga waziwazi. Unasema hivi: kivinjari kikianza kujifunga chenyewe baada ya plagini kusasishwa, rudisha plagini ya zamani kisha uzime masasisho yote. Mafundi wanaoutoa wana nia njema. Mashine inarudi kazini, mteja anachapisha karatasi zake na kwenda zake. Ila kuanzia hapo mashine hiyo haitibiwi tena, yaani haipati marekebisho ya usalama, na watu wanaendelea kuingizia humo namba zao za kitambulisho, PIN za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na nywila za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Plagini inalaumiwa bure. Ni kipande cha programu cha kukiongezea kivinjari uwezo, ambacho siku hizi kwa kawaida ni kiendelezi, kinachotegemea kivinjari kwa kila kitu, na wanaoitengeneza huijaribu kwenye vivinjari vya leo. Ukiisasisha ndani ya kivinjari kilichoachwa nyuma miaka mitano, itaomba huduma ambayo kivinjari hicho hakijawahi kuwa nayo. Bahati ikiwepo, plagini itagoma kuwaka na mambo mengine yataendelea. Bahati ikikosekana, dirisha zima linatoweka pamoja na fomu uliyokuwa unaijaza. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, maana plagini ziliendeshwa ndani kabisa ya kivinjari, moja ikifa inakufa nacho. Firefox ilianza kuzitenga mwaka 2010, kwenye toleo la 3.6.4. Chrome iliziondoa kabisa plagini za mtindo huo mwaka 2015, na Firefox ikafuata mwaka 2017 ikibakiza Flash peke yake, ile ya kuchezesha video na michezo kwenye tovuti. Adobe nao wakaacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Kwa hiyo dirisha lolote linalokurukia leo likikuambia usasishe Flash ni mtego. Lifunge.

Tazama sasa kilichowapata waliozima masasisho ili kulinda plagini na viendelezi vyao. Tarehe 14 Machi 2025 cheti cha msingi cha Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ambacho hutumika kuthibitisha viendelezi, kiliisha muda wake. Mozilla walitangaza mapema kwamba Firefox iliyo chini ya toleo la 128, au chini ya 115.13 kwa wanaotumia ESR, yaani Firefox inayohudumiwa kwa muda mrefu, viendelezi vyake vinaweza kuzimwa. Aliyekataa kusasisha kivinjari kwa ajili ya kiendelezi chake ndiye aliyekuwa kwenye hatari ya kukikosa.

Msimu wa marejesho ya kodi, ambao mwisho wake ni tarehe 30 Juni, ndio unaonitia uchungu hasa. Niliwahi kukaa karibu na mama mmoja mwenye kibanda Kibuye, amekuja kuwasilisha marejesho yake. PIN na nywila alikuwa ameziandika nyuma ya risiti, amekunja karatasi ndogo kabisa na kuishika mkononi. Kila faili ilipokaribia kupanda, kivinjari kilijifunga. "Pole mama, kidogo tu, naingia tena," kijana wa saiba alimwambia, akamwomba ile karatasi tena. Mwishowe kivinjari kikauliza kama kiihifadhi nywila, na kijana akakubali ili asisumbuke kuiandika upya. Mama hakuona. Alikuwa anatazama saa, watu wa nyuma yake wameanza kunung'unika. Marejesho yalipanda, akalipa, akashukuru, akaondoka. Nywila yake ikabaki kwenye mashine ambayo mtu yeyote mwenye pesa ya dakika chache anaweza kuikalia.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kivinjari kinachojifunga ni usumbufu mdogo tu. Kinawasukuma wahudumu kwenye njia za mkato, na anayelipia njia hizo ni mteja. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na mwenye saiba anayeshika taarifa za watu asijione mdogo mno kwa sheria hiyo.

Najua kinachowafanya wazime. Bando ni ghali, na mashine zote zikianza kuvuta masasisho kwa wakati mmoja asubuhi, hakuna mteja atakayefungua hata barua pepe. Hilo ni kweli, na atakayemlaumu mwenye saiba bila kulitaja hamtendei haki. Lakini lina dawa. Pakua faili kamili ya kusakinisha mara moja, usiku mtandao ukiwa mwepesi, iweke kwenye flashi ya USB, kisha pita mashine kwa mashine. Ya Firefox haifiki hata megabaiti 100. Ichukue kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, usiitafute kwenye kurasa za kupakulia vitu vya bure.

Kabla ya hapo, hakikisha tatizo liko wapi. Kwenye Firefox, shikilia kitufe cha Shift huku ukiifungua. Itakuuliza kama unataka iwake bila viendelezi. Kwenye Chrome, dirisha fiche (incognito) huzima viendelezi vyote isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe. Kikitulia hivyo, zima vyote kisha washa kimoja kimoja hadi umpate mkorofi. Andika about:crashes kwenye sehemu ya anwani ya Firefox na utaona orodha ya mara zote ilizoanguka pamoja na tarehe zake, na tarehe hizo zitakuonyesha kama balaa lilianza siku ya sasisho au lilikuwepo kabla. Ukishajua, hifadhi alamisho zako kwenye faili, sasisha kivinjari kwanza, halafu ndipo uguse plagini. Mafundi wengi huanza na plagini, na hapo ndipo wanapopotea. Nywila za wateja mlizozikuta zimehifadhiwa msizihamishe. Zifuteni, na mzime kabisa ule uwezo wa kuzihifadhi.

Ugumu wa kweli uko kwenye mashine zenyewe. Nyingi ni ex-UK, yaani zilizokwisha tumika Uingereza, na nyingine bado zinaendesha Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Ukiiambia isasishe haitakusikia, hata uwe na bando la mwezi mzima. Hapo fundi asiendelee kula pesa ya mtu kwa kufuta na kusakinisha Chrome ileile. Kuna Firefox ESR 115, ambayo Mozilla wameiongezea muda wa marekebisho ya usalama zaidi ya mara moja kwa ajili ya mashine kama hizi, lakini nayo ni ya kujishikiza tu. Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, mashine yenye gigabaiti 4 za RAM inaiendesha vizuri, na kivinjari chake kinasasishwa kama cha kompyuta mpya. Wateja wa saiba wanaingia kwenye kivinjari, wanachapisha, wanaondoka. Wengi wao hawatauliza chini kuna nini. Wenye kazi za Excel za KRA waachiwe mashine moja au mbili zenye Windows inayohudumiwa.

Nawe mteja una haki ya kutazama kabla ya kuketi. Kwenye Chrome, bonyeza vile vitone vitatu vya juu kulia, nenda kwenye msaada, ufungue ukurasa unaoonyesha toleo. Ukiona 109, usiingize PIN yako hapo. Mwambie mhudumu kwa upole akupe mashine nyingine, na kama hana, saiba ya jirani haiko mbali.