Ufunguo wa Polisi Utalindwa na Nani?

Desemba 2015 watu 14 waliuawa kwa risasi San Bernardino, Marekani. Simu ya mmoja wa wauaji, iPhone, ilikutwa imefungwa kwa namba ya siri. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikaenda mahakamani kutaka Apple, mtengenezaji wa simu hiyo, ilazimishwe kuandika programu ya kuifungua. Apple ikagoma. Hadi leo watunga sheria wa nchi nyingi wanarudi palepale: kampuni za mawasiliano zilazimishwe kuwaachia polisi mlango wa siri, yaani njia ya kuingia kwenye mawasiliano yaliyofungwa, au zisilazimishwe?

Wanaotaka mlango huo si watu wa kupuuzwa. Mpelelezi akishika kibali cha hakimu anaingia ndani ya nyumba, anapekua makabati, anasoma barua. Akifika kwenye simu anakuta jumbe zimesimbwa, wa kuzisoma ni aliyetuma na aliyetumiwa peke yao. Kibali anacho mkononi, lakini hakimfai kitu. Mzazi ambaye mwanawe ametoweka, na mazungumzo yake ya mwisho yamo humo, utamtazama kwa jicho gani ukimwambia faragha ya wengine haiguswi?

Shida ni kwamba mlango haumjui mwenyewe. Ugiriki waliliona hilo mapema. Mitambo ya Vodafone nchini humo ilikuja na programu ya kusikiliza simu kwa amri ya mahakama, ambayo kampuni haikuwa hata ikiitumia. Wadukuzi wakaingia, wakaiwasha kimyakimya, na kati ya 2004 na 2005 wakasikiliza simu zaidi ya 100, ikiwemo ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis. Mlengwa akizungumza, sauti inanakiliwa papo hapo kwenda kwenye laini ya kulipia kabla iliyo mikononi mwa wadukuzi.

Marekani nayo ina sheria ya 1994 inayozitaka kampuni za simu ziwe tayari kwa usikilizaji wa aina hiyo. Mwaka 2024 ikabainika kuwa wadukuzi, ambao serikali iliwahusisha na China, wamepenya kwenye mitandao ya kampuni hizo na kunakili baadhi ya taarifa zilizoombwa na vyombo vya dola kwa amri za mahakama. Desemba mwaka huo CISA, shirika la serikali la usalama wa mtandao, likawashauri vigogo watumie programu zinazosimba jumbe mwanzo hadi mwisho. Ndizo hizohizo FBI ilizokuwa ikizilalamikia miaka yote.

Kwa hiyo mlango wa jumla siukubali. Afadhali polisi wavunje simu moja, ya mshukiwa mmoja, kwa kibali. Kesi ya San Bernardino ndivyo ilivyoisha: Machi 2016 FBI iliiondoa mahakamani baada ya kupata watu wa nje wa kuifungua simu ile.

Ila njia hii nayo si safi, na sisi tunaoipigia debe huwa tunalipita hilo harakaharaka. Kuvunja simu kunahitaji ufa, yaani kasoro kwenye programu, ambao mtengenezaji haujui, na anayeujua hunyamaza ili usizibwe. NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, iliunyamazia hivyo ufa wa Windows, programu inayoendesha kompyuta nyingi. Zana yake ya kuutumia ufa huo ikavuja, na Mei 2017 virusi vya WannaCry vikaitumia kufunga kompyuta. Hospitali za Uingereza zikaahirisha upasuaji, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine.