Kifutio cha Mtunzi: Jazi, Klasiki na Muziki wa Papo kwa Papo

Mwezi Mei 1747 Johann Sebastian Bach alifika Potsdam, kwenye kasri la Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga filimbi hodari. Mfalme alimpa mahadhi yenye mpindo mgumu, akamtaka ayajengee fyugi pale pale, yaani muziki ambamo sauti kadhaa huingia moja baada ya nyingine zikifukuzana kwa wazo lile lile. Bach akapiga fyugi ya sauti tatu bila maandalizi. Alipoombwa ya sauti sita hakukataa, ila alitumia mahadhi yake mwenyewe. Ile ya sauti sita juu ya mahadhi ya mfalme aliiandika baada ya kurudi Leipzig, na ikachapishwa mwaka huo huo.

Wanaotetea ubunifu wa papo kwa papo hukitumia kisa hiki kuonyesha kwamba hata nguzo ya muziki wa klasiki alikuwa mwanamuziki wa kubuni jukwaani, na wanaotetea utunzi hukitumia kuonyesha kwamba hata yeye alihitaji kalamu. Mimi nawaelemea hawa wa pili, ingawa si kwa sababu wanayoitoa mara kwa mara, kwamba kilichoandikwa kina kina zaidi. Nionavyo, tofauti iko kwenye kifutio. Uko muziki usiopatikana mpaka mtu ajaribu njia kumi, afute tisa, kisha arudi mwanzoni kubadilisha noti moja ili ya mwisho ipate pa kutua, na sauti sita zinazopaswa kusikilizana kwa dakika kadhaa ni muziki wa aina hiyo.

Hata hivyo, anayedhani kwamba mpiga jazi hana kifutio chochote hajasikiliza kwa makini. Mwaka 1959 John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi, alirekodi Giant Steps, wimbo unaoruka kutoka ufunguo mmoja, yaani noti ya msingi ambayo muziki huizunguka, hadi mwingine kwa kasi ya kutisha. Coltrane alikuwa ameufanyia mazoezi mwendo huo kwa muda mrefu. Tommy Flanagan, mpiga piano mwenye ujuzi usiotiliwa shaka, hakuwa na nafasi hiyo, na katika rekodi solo yake inasikika ikikatikakatika. Majaribio mengine ya siku zile, yaliyotolewa baadaye, yanamwonyesha Coltrane akirudia vifungu vile vile vya noti nne nne. Kumbe kufuta kulikwisha fanyika, ila kulifanyika chumbani kwake. Hilo halimpunguzii heshima, lakini linamtia katika kundi moja na watunzi kuliko wapenzi wengi wa jazi wanavyopenda kukiri.

Kinachobaki kuwa mali ya jazi peke yake ni kile kinachotokea baada ya kosa. Noti iliyokwisha pigwa ni maji yaliyomwagika, na njia pekee ya kuiokoa ni noti inayofuata. Mpiga piano Herbie Hancock amesimulia jinsi alivyokosea vibaya katikati ya solo ya Miles Davis, mpiga tarumbeta, naye Davis, baada ya kusita kidogo, akapiga noti zilizofanya kosa lile lisikike kama limekusudiwa. Mtunzi angeligundua kosa hilo mezani, angelifuta, na msikilizaji asingepata ama kosa ama jibu lake. Hapa kalamu haina la kusema, kwa kuwa jibu lilitoka kwa mtu mwingine.

Klasiki nayo iliwahi kuishi hivyo. Katika koncheto za Mozart, yaani muziki wa mpiga ala mmoja pamoja na okestra, upo mahali ambapo okestra hunyamaza na mpiga solo huachiwa kadenza, abuni atakacho. Lakini katika koncheto yake ya tano ya piano, ya mwaka 1809, Beethoven aliagiza kwamba kadenza isibuniwe, kipigwe kilichoandikwa. Wakati huo usikivu wake ulikuwa unapotea, na si yeye aliyeipiga koncheto hiyo mbele ya hadhira. Nadhani mtunzi anayejua kwamba hatakuwa kwenye kiti cha piano huanza kuwaogopa watakaokikalia. Wapiga ogani wa makanisani, hasa Ufaransa, hawakuiacha kabisa sanaa hiyo. Wapiga piano wengi waliiacha, na hasara yake naiona kila ninaposikia kadenza iliyokaririwa ikipigwa kana kwamba imezuka sasa hivi.

Mpaka huu una uzito hata katika haki za malipo. Mpiga saksafoni Coleman Hawkins aliporekodi wimbo wa Body and Soul mwaka 1939, aliyagusa mahadhi ya Johnny Green mwanzoni tu, kisha akabuni mengine hadi mwisho, lakini mtunzi anayetambuliwa ni Green.

Mpiga piano Keith Jarrett ndiye anayenitatiza zaidi. Tamasha lake la Köln la Januari 1975 lilibuniwa karibu lote jukwaani, juu ya piano mbovu, na kwa miaka mingi hakutaka liandikwe. Hatimaye aliruhusu noti zichapishwe, akiwasihi wapiga piano waichukulie rekodi yenyewe kuwa ndiyo kauli ya mwisho. Leo kuna wanaolipiga noti kwa noti kutoka kwenye karatasi, na wanapokosea wanajua hasa wamekosea wapi.