Wenger na Van Persie: kesi tunayoihukumu kwa macho ya leo

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa Ulaya, katika vibanda vya mpira vya hapa Malaba, upande wa Uganda, kesi ile ile hufufuliwa: je, Arsène Wenger, kocha wa Arsenal wakati huo, alikosea alipomuuza Robin van Persie kwa Manchester United mwezi Agosti 2012? Juzi dereva mmoja wa lori, aliyekuwa akisubiri karatasi zake za forodha, aliifuta ratiba iliyoandikwa kwa chaki ubaoni, akaandika "26", akaketi kana kwamba hukumu imeshasomwa. Hayo ni mabao ya ligi ambayo Van Persie aliifungia United katika msimu wake wa kwanza, msimu ambao United walitwaa ubingwa. "Mwanangu, nirudishie ratiba yangu," ndilo jibu pekee alilopewa na mzee mwenye kibanda.

Namba ile ni ya kweli, lakini Wenger hakuwa nayo mkononi siku aliyotia saini. Alichokuwa nacho ni mshambuliaji aliyekuwa ametimiza miaka 29, aliyebakiza mwaka mmoja wa mkataba na aliyekwisha kutangaza hadharani mwezi Julai kwamba hatauongeza. Katika misimu minane pale Arsenal, ni mmoja tu ambao alicheza mechi zote 38 za ligi; mingine ilikatizwa mara kwa mara na majeraha. Mezani palikuwa na takriban pauni milioni 24, na klabu ilikuwa bado inabeba gharama za uwanja wa Emirates iliouhamia mwaka 2006. Kumng'ang'ania kungemaanisha kumwona akiondoka bure mwaka uliofuata.

Wanaomlaumu Wenger hudai kwamba alimpa adui ubingwa mkononi. Hapa tusiishie kwenye mabao, tutazame na msimamo wa ligi. Msimu wa 2011/12, Van Persie akiwa Arsenal na akifunga mabao 30, timu yake ilipata pointi 70, pungufu kwa 19 ya mabingwa Manchester City. Msimu uliofuata, bila yeye, Arsenal walipata 73. United nao walimaliza na pointi 89 kabla ya kumpata, na 89 tena walipokuwa naye. Walioporomoka ni City, kutoka 89 hadi 78.

Sisemi kwamba pointi zinamaliza ubishi. Desemba 2012 ni mpira wa adhabu wa Van Persie katika dakika za majeruhi ulioipa United ushindi wa 3-2 nyumbani kwa City, na pengine bila mabao yake United wangeshuka pia. Tena kumuuza ni jambo moja na kumuuza kwa mpinzani wa ligi hiyo hiyo ni jambo jingine, kwani hasara ya kumwimarisha jirani haikuhitaji utabiri. Mwaka uliofuata, wachezaji wa Arsenal walipanga mistari miwili uwanjani kwao wakawapigia makofi mabingwa wapya, Van Persie akiwamo, kisha yeye akafunga penalti katika sare ya 1-1. Shabiki aliyeona hayo ana haki ya kuwa na kinyongo, lakini kinyongo si ushahidi, hasa tukikumbuka kwamba msimu wake wa pili United alicheza mechi 21 tu za ligi.

Kwa maoni yangu, kosa la Wenger lililo zito zaidi ni lile ambalo vibandani halipigiwi kelele hata nusu ya hili. Majira ya joto ya 2015 alimsajili kipa Petr Čech, na kwa kikosi cha kwanza hakumwongeza mchezaji mwingine hata mmoja asiye kipa. Utetezi wake haukuwa wa kipuuzi: kikosi kile kilikuwa kimetwaa Kombe la FA mara mbili mfululizo, na aliamini kuwa sokoni hapakuwa na wa kukizidi ubora. Anayesema leo kwamba angemchukua kiungo N'Golo Kanté kutoka Caen ya Ufaransa, kama Leicester walivyofanya kwa dau lisilofika pauni milioni 6, anasema kwa sababu ameshaona mwisho wa mchezo. Lakini kwamba safu ya kiungo ilikuwa nyembamba, huku Mikel Arteta akiwa na miaka 33, hilo lilionekana siku ile ile. Novemba Francis Coquelin na Santi Cazorla waliumia, na mbadala wa kutosha hakuwapo. Arsenal wakamaliza wa pili, pointi 10 nyuma ya Leicester, timu iliyopoteza mechi tatu tu msimu mzima, mbili kati ya hizo mbele ya Arsenal hao hao.