Silki anayeatamia si mashine ya kutotolesha

Wiki iliyopita mama jirani aliniletea kikapu cha mayai 15 ya kienyeji. Alitaka nimpandikizie silki wangu mweupe, yaani kuku wa ile aina yenye manyoya laini kama pamba, ambaye vifaranga wake walikuwa na siku mbili tu. "Si nasikia hawa hawachoki kulalia? Hao vifaranga watie kwenye boksi, uwawashie taa, yeye mpe haya." Nilimkatalia, na najua aliondoka na kinyongo. Nimeona niandike, maana wazo hilo si lake peke yake. Nikikutana na wafugaji wenzangu hapa mkoani Mwanza, wa Buhongwa kwa wa Kisesa, sifa ya kwanza ya silki ninayotajiwa ndiyo hiyo: mpe mayai, akimaliza mpe mengine.

Sifa yenyewe ni ya kweli. Silki habembelezwi. Anataga mayai kumi hivi au kumi na tano, kisha anajibana kiotani, na ukimwondolea mayai yote ataatamia hata gunzi la mahindi. Ni kuku mdogo, tetea mara nyingi hafiki kilo moja na nusu. Ana vidole 5 mguuni badala ya 4, ngozi na mifupa yake ni myeusi, na manyoya yake hayana vile vijino vidogo vinavyoshikamanisha unyoya wa kuku wa kawaida, ndiyo maana yanakaa kama pamba iliyochambuliwa. Asili yake huaminika kuwa China, na Marco Polo katika karne ya 13 alisimulia habari za kuku wa huko wenye manyoya kama ya paka. Anayetafuta mayai ya kuuza asihangaike naye, anataga machache na madogo. Mali yake ni umama. Atamlea kifaranga wa kienyeji, wa kanga, hata wa bata, bila kumbagua.

Lakini kuatamia ni kazi, tena nzito. Kwa siku 21 kuku anashuka kiotani mara moja kwa siku, robo saa au dakika ishirini, anakula, anakunywa, anajisaidia, anarudi. Muda wote huo anakula akiba ya mwili wake mwenyewe. Uzito unashuka, upanga wake wa kichwani unapauka. Vifaranga wakishatoka ndipo anapoanza kurudisha mwili. Ukimbebesha mayai mengine siku hiyohiyo, umemwongezea siku 21 nyingine juu ya njaa.

Hili sikulisoma mahali. Mwaka wangu wa pili wa ufugaji, hapa Nyegezi, umeme ulikatika usiku kucha na mashine niliyoazima ikaniharibia trei nzima ya mayai. Nikamgeukia tetea wangu wa kijivu. Nilimlaza mara tatu mfululizo. Vifaranga wa awamu mbili nilipata, na nilifurahi. Siku ya 60 asubuhi nilimkuta shingo imelegea juu ya mayai ambayo bado yalikuwa ya moto. Nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kama kitambaa, kidari kimechongoka kama mkuku wa mtumbwi. Nikafunua manyoya ya tumboni. Utitiri walikuwa wengi mpaka ngozi ile nyeusi ilionekana kama inatembea, wakanipanda mkononi hadi kwenye kiwiko. Kila siku nilikuwa napita mlangoni nikisema moyoni, huyu katulia vizuri.

Kuku mwenye afya hujisafisha mwenyewe kwa kuoga vumbi. Anayeatamia hana nafasi hiyo, na kiota chenye joto lisilokatika ni shamba la utitiri na chawa. Kwangu mimi afya ya asili ya banda inaanzia hapo, kwa huyu mama aliyetulia ambaye hakuna anayemtazama.

Siku hizi kila asubuhi namshusha mwenyewe. Ananiguna, anajifutua mpaka anakuwa mara mbili ya alivyo. Napitisha viganja chini taratibu nikipapasa mbawa, maana yai likinaswa humo litadondoka. Tumbo lake lina moto, na limenyonyoka pale anapogusana na mayai. Namweka kwenye karai pana lenye mchanga mkavu uliochanganywa na majivu. Anabaki ameganda kama nusu dakika, kisha anasimama, anatoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali alichokibana tangu jana, na hapo anaamka. Anakula mahindi yaliyoparazwa na dagaa kidogo, anakunywa, halafu anajitupa mchangani na kuanza kujirushia. Kile kitendo cha kujirushia ndicho ninachokisubiri. Majivu yawe yamepoa kabisa na yasiloe, kwa sababu majivu mabichi ya maji yanaunguza ngozi. Na dagaa, ukienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, chagua waliokaushwa juu ya chanja. Wa kuanikwa chini unanunua na mchanga wa ufukweni.

Kuhusu idadi, silki mmoja nampa mayai sita au saba ya kienyeji. Ukimpa 15, ya pembeni yanapoa. Na kwa kuwa anayageuza na kuyahamisha, ya pembeni leo ni ya katikati kesho, kwa hiyo yanapoa yote kwa zamu na unaishia na mayai viza. Kabla ya kumlaza mpunguze manyoya marefu ya tumboni kwa mkasi, yamewahi kumzonga kifaranga wangu shingoni.

Mvua nayo ni adui. Manyoya yale hayachuruzishi maji, yanalowa kama sweta. Sisi tunaoishi katikati ya mawe tunajua masika maji yanavyoshuka kutoka juu ya jabali na kupita ndani kwa mtu. Nyanyua sakafu, tandika maganda ya mpunga, yakilowa toa.

Kuna jambo moja linaniumiza. Wapo wanaosikia "asili" wakaelewa kuchemsha mwarobaini na kuacha chanjo. Sina ugomvi na mwarobaini. Ila mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle, hauna dawa, si ya majani si ya dukani, na ukiingia bandani unaondoka na kuku wote, mama na watoto. Chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3. Kuku aliyelala juu ya mayai siku zote hizo hastahili kufa na watoto wake kwa kukosa tone.

Kesho yake nilimfuata mama jirani. Nilimwomba radhi kwa namna nilivyomjibu, tukachagua mayai saba katika yale 15, usiku nikampa tetea mweusi aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuatamia. Kesho yanatimiza siku ya saba. Atakuja jioni giza likiingia tuyapime kwa tochi, tuone yapi yana kifaranga ndani. Yule mweupe yuko chini ya mpapai na vifaranga wake, anaparua, anawaita.