Balneário Camboriú: minara upande huu, wafanyakazi upande ule

Kabla ya mwaka 2021, aliyekwenda kuogelea ufukwe wa kati wa Balneário Camboriú, kusini mwa Brazil, alijua kuwa jua la alasiri halimngoji mtu. Ufukwe unatazama mashariki, na mgongoni mwake, kandokando ya Avenida Atlântica, maghorofa yamesimama bega kwa bega. Jua likishavuka utosi, kivuli kiliteremka mchangani, na watu wakabeba viti vyao kusogea majini, wakiufuata ukanda wa mwanga uliokuwa ukisinyaa.

Manispaa ikajibu kwa mchanga. Meli ilichota zaidi ya mita za ujazo milioni 2 kutoka chini ya bahari, na ufukwe uliokuwa na upana wa mita 25 hivi ukafika 70. Wanaoutetea uongozi wa mji hupenda kuanzia hapo, na wana hoja. Eneo lote ni kilomita za mraba 46 hivi, limebanwa kati ya bahari na vilima. Mji usipokwenda juu, utaparamia vilima hivyo na kuufyeka msitu. Mimi hilo nalikubali. Isitoshe, urefu unaleta fedha: Sheria ya Miji ya mwaka 2001 inairuhusu manispaa kumuuzia mjenzi haki ya kupita kiwango cha kawaida cha ujenzi. One Tower, wenye mita 290, ulikamilika 2022, na sasa unapangwa mwingine wa zaidi ya mita 500.

Wapinzani husema mchanga umetibu dalili tu, kwani minara ingali inarefuka. Husema pia kwamba fleti nyingi ni za watu wa mbali wanaokuja msimu wa joto tu. Ni kweli, lakini naona lawama hizo zinaliacha kando jambo zito zaidi.

Jambo hilo liko ng'ambo ya mpaka. Balneário Camboriú ilijitenga na mji jirani wa Camboriú mwaka 1964, ikaondoka na ufukwe. Kati ya sensa ya 2010 na ile ya 2022, mji wa minara ulitoka watu 108,000 hivi hadi 139,000. Camboriú, isiyo na bahari, ilitoka 62,000 hadi 103,000. Bei za nyumba pwani ni miongoni mwa za juu kabisa Brazil, kwa hiyo mpishi, fundi na msafisha vyumba wanalala Camboriú na kuvuka kila alfajiri. Kodi ya majengo ya minara inabaki ufukweni, ilhali shule na zahanati za familia hizo ni mzigo wa jirani.

Nani alisema fedha haziwezi kuvuka mpaka? Maji ya miji yote miwili yanatoka Mto Camboriú, na kwa miaka kadhaa shirika la maji la Balneário Camboriú limekuwa likiwalipa wenye mashamba wa juu ya mto, upande wa Camboriú, ili wahifadhi msitu. Sheria ileile ya 2001 inataja makazi ya watu wa kipato cha chini miongoni mwa matumizi ya fedha za haki ya kujenga. Madiwani wa miji hii miwili wakae meza moja, wakubaliane sehemu ya fedha za kila mnara itakayokwenda kwenye makazi na mabasi, kabla kibali kinachofuata hakijatiwa saini.